Bibi Harusi wa Kwenye Kadi

Simu ya kwanza ya pole iliingia wakati kinyozi amemaliza nusu ya kichwa cha mteja. Nusu nyingine ilikuwa bado msitu. Akaibana simu kati ya sikio na bega, mashine ikiendelea kunguruma mkononi.

"Kaka," alisema mdogo wake, kwa ile sauti anayoitunza kwa ajili ya misiba. "Kadi tumeipata. Poleni sana."

"Pole ya nini?"

"Ya huyu kijana. Ametudhalilisha, hakuna neno lingine. Mimi ningekuwa baba nisingeisambaza, lakini wewe una moyo mkubwa. Binti anaendeleaje? Anakula?"

"Asubuhi kamaliza mkate karibu wote."

"Anajikaza, masikini."

Kinyozi akazima mashine. Mteja akainua macho kwenye kioo kuangalia kama ameachwa hivyo hivyo.

"Hebu nyoosha maneno. Kijana kafanya nini?"

"Si anaoa mwingine? Jina ameliacha la mtoto wetu, picha ameweka ya mwanamke mwingine. Mweupe hivi, pua nyembamba. Mke wangu anasema labda maneno yalishachapwa, wakaona wabadilishe picha tu, kubana matumizi."

Bunda la kadi za upande wa bibi harusi lilikuwa chini ya meza ya kinyozi tangu jana, limefungwa bado. Mama yake bwana harusi ndiye aliyezichapisha na ndiye aliyetuma nyingine moja kwa moja kwa ndugu. Kinyozi akachana karatasi kwa wembe, akatoa kadi moja.

Mkwewe mtarajiwa alikuwepo, ametabasamu, anang'aa kama kapakwa mafuta ya kupikia. Pembeni yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni la binti yake, ameshika maua ya binti yake. Kinyozi alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hajui aanze naye vipi.

"Mzuri," alisema mteja, shingo imerefuka. "Nani huyo?"

"Nadhani ni binti yangu."

"Unadhani?"

"Kichwa chini, nimalize."

Hadi mchana simu zilikuwa zimemiminika. Binamu mmoja alilia kabisa. Mwingine alisema ana mpwa wake, hanywi, anafanya kazi bandarini, na kama familia haina haraka anaweza kumleta wamtazame.

&nbsp;

Binti mwenyewe alirudi jioni akiwa na plasta kidoleni na vumbi la kioo kwenye nywele. Anakata vioo vya madirisha na vya kabati kwenye karakana ya vioo, na kazini wote humwita Fundi. Nyumbani nako jina likamfuata. Alimkuta bibi yake kwenye kochi, kadi mkononi, ameiinamia kama anayetunga uzi kwenye tundu la sindano.

"Njoo ukae hapa, mjukuu wangu," bibi alisema. "Usijali. Wanaume wako wengi. Babu yako mwenyewe alikuwa wa tatu."

"Wa tatu wa nini, bibi?"

"Hayo siyo ya leo."

Mama yake Fundi, ambaye ni karani wa shule na hapendi mambo yazunguke, alimwekea kadi nyingine mapajani. "Tazama. Unamjua?"

Fundi alicheka. Alicheka vizuri tu, kwa sauti, mpaka alipoisogeza kadi karibu na taa. Pale kicheko kikakatika.

Fundi ni mweusi. Tena mweusi wa kujitosheleza, usiohitaji mtu aseme "lakini." Siku nzima kazini uso wake unapita kwenye vioo vya watu kabla havijafika kwao, na hajawahi kugombana nao. Wakati mwingine huusalimia. Sasa hapa mtu alikuwa ameufuta, akachora mwingine wa rangi ya chai iliyojaa maziwa. Hata kile kikovu cha kwenye kidevu, alichokipata siku yake ya kwanza kazini, hakikuwepo.

"Hii ni kazi ya yule mpiga picha wa mama mkwe," alisema taratibu.

Ilikuwa hivyo. Mama yake bwana harusi ana duka la dawa, anaitwa Mama Dawa, na aliposema mpiga picha atamchagua na kumlipa yeye, hakuna aliyemzuia. Alimchagua yule anayejiita Mkurugenzi wa Picha. Maharusi walikwenda studio kupigwa za majaribio, Fundi akapakwa poda mpaka akapiga chafya, kisha akarudi kazini. Picha zilizotoka hakuziona. Aliyeziona ni mchumba wake.

Mchumba wake ni mpima ardhi, na kwa kuwa hatembei bila utepe wa kupimia mfukoni, watu wote humwita Futi, mpaka mama yake. Fundi akampigia.

"Futi, zile picha za studio uliziona?"

"Niliziona. Nzuri."

"Ya kwenye kadi je?"

"Hiyo ndiyo nzuri zaidi."

"Ulimwona nani?"

Futi ni mtu asiyejibu kitu kabla hajakizunguka pande zote nne. "Si wewe?" alisema mwishoni.

"Unaniuliza mimi?"

"Fundi, mimi nilitazama tai yangu. Ilikuwa imekaa upande."

Bibi, aliyekuwa amesogeza sikio, alitikisa kichwa. "Wa kwanza wangu naye alikuwa hivyo hivyo," alisema.

&nbsp;

Studio ya Mkurugenzi, Fundi alikokwenda na Futi, ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ukutani walitundikwa maharusi kwenye fremu za dhahabu, safu kwa safu, wote wa rangi moja kama mayai ya trei moja.

"Hawa ni ndugu?" Fundi aliuliza.

"Hao ni wateja," alijibu Mkurugenzi. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. "Karibuni. Mama ameipenda kadi mno. Kaagiza na bango la ukumbini, mita tatu."

Futi akakohoa. Fundi akakaa bila kukaribishwa tena. "Nimekuja kuomba kitu kidogo. Siku ya harusi nataka nitoke mimi."

"Utatoka wewe, dada yangu. Ila wewe wa siku njema."

"Na leo ni siku gani?"

Mkurugenzi alivua miwani, ishara kwamba sasa anazungumza kitaalamu. "Nikueleze ukweli, usikasirike. Gauni lako jeupe, sura yako... imekolea. Kamera haiwezi kuhudumia wote wawili. Nikiifuata sura, gauni linaungua kwa mwanga, linakuwa shuka. Nikilifuata gauni, sura inapotea. Kwa hiyo sisi tunafuata gauni. Sura tunaitafuta baadaye kwenye kompyuta."

"Na mkiikosa?"

"Hatukosi. Kuna rangi moja tunayo, inawakubali wote."

Msichana wa mapokezi, aliyekuwa akikata picha za pasipoti, aliinama zaidi juu ya mkasi wake. Fundi alimtazama Futi. Ilikuwa zamu yake, na alijua. Alitoa utepe mfukoni, akauvuta kidogo, ukajirudisha wenyewe, akauvuta tena.

"Haiwezekani," alisema, "wakafanya nusu kwa nusu? Yaani wakaipunguza kidogo, wewe ujione, na mama asione tofauti?"

Fundi akamgeukia.

"Nusu ipi, Futi?"

"Nilikuwa nasema tu."

"Hapana, wewe ndiye mpimaji. Nipime. Sema ipi ibaki na ipi iende."

Futi akaurudisha utepe mfukoni. Fundi akasimama, akamshukuru Mkurugenzi kwa muda wake, akashuka ngazi. Futi alimkuta chini, kati ya magodoro yaliyopangwa nje.

"Mimi sivunji uchumba," Fundi alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililomtisha Futi kuliko kelele. "Lakini miaka ishirini ijayo watoto wangu watauliza huyu mama wa ukutani ni nani, na sitaki niwe na jibu refu. Ukumbi mmeweka, kadi mmetuma. Harusi ya yule wa kwenye kadi mimi siji. Mtafute mwenyewe, umwoe."

"Fundi, mama ndiye analipa."

"Basi mwambie mama akuoe."

Muuza magodoro, aliyejifanya anapangusa vumbi, aliacha kupangusa.

&nbsp;

Mama yake Fundi hakutoa ushauri wowote. Alimwambia tu kesho yake apite shuleni saa ya mapumziko, kuna mtu amtazame.

Aliyetakiwa kutazamwa ni mwanamke mfupi, mwenye kofia na begi la kamera lililochoka, anayepiga picha za madarasa kila mwaka. Watoto humwita Mama Tulia kwa sababu hilo ndilo neno analolitumia zaidi. Alikuwa amewapanga wanafunzi kwenye ukuta wa stoo, mahali ambapo jua halifiki lakini mwanga unafika. Kabla hajagusa kamera, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, nani hapa mweusi kuliko wote?"

Fundi alishtuka. Watoto hawakushtuka. Walimrukia.

"Mimi."

"Muongo huyo, ni mimi. Tazama goti langu, mama, tazama."

"Goti la kila mtu ni jeusi. Leta shavu."

Wakabanana, wakalinganisha mikono, wakatukanana kidogo, mpaka akapatikana mshindi, msichana mwembamba aliyetembea mbele kwa maringo kama aliyeitwa kupokea zawadi. Mama Tulia akamsimamisha mahali pake, akamgeuza kidevu polepole, akarekebisha kamera, akapiga, akatazama, akarekebisha tena. Alipoona macho, pua na vishimo vya mashavu vyote vimekaa sawa, ndipo akaita, "Wengine, ingieni."

"Kwa nini unaanza na yeye?" Fundi aliuliza walipokuwa wanapanga viti.

"Kwa sababu nikimpata yeye, hawa wengine nimewapata. Nikianza na mweupe, yeye anapotea kwenye picha. Halafu mama yake anakuja hapa na picha, ananionyesha shati, ananiuliza mtoto wake yuko wapi." Alimtazama Fundi kuanzia paji la uso hadi kidevuni, bila haraka. "Wewe ni wa harusi?"

"Ndiyo."

"Harusi sipigi."

"Kwa nini?"

"Mtoto nikimwambia tulia, anatulia. Shangazi wa mtu nikimwambia tulia, anawaita kaka zake."

Mama yake Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, alisema, "Mwaka huu nani alikutetea walipotaka kukuondoa wamlete mpiga picha wa bei rahisi?"

Mama Tulia akafunga begi, akafungua tena. "Hiyo siyo haki, karani."

"Najua."

"Bei yangu siyo ya shule. Na sharti moja. Nikutane na huyo mama mkwe, nikupige mbele yake. Akiikataa sura yako nikiwepo, naondoka, hatudaiani. Sitaki nipigiwe simu baada ya harusi nielezwe kwamba nimemtia mtu weusi ambao alizaliwa nao."

&nbsp;

Jumamosi walikusanyika sebuleni kwa Mama Dawa, chumba kikubwa chenye makochi yaliyovalishwa vitambaa na dirisha pana upande mmoja. Alikuja Fundi na mama yake na bibi yake. Kinyozi alibaki kazini, kwa sababu alisema mambo haya yakiharibika lazima awepo mmoja ambaye hakuwepo. Mama Tulia aliketi mwisho wa kochi, begi magotini. Futi alisimama dirishani, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Mama Dawa alileta soda mwenyewe. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuamuru watu wameze vidonge, na uso wake ulikuwa umepakwa poda nyingi, hata pale ilipoishia shingoni ungeweza kuweka alama.

"Nimeambiwa kuna tatizo na picha," alisema. "Mimi naona watu wote wameisifia."

"Walioisifia ni wa upande wenu, mzazi mwenzangu," bibi alisema. "Upande wetu wametupa pole."

"Bibi," Fundi alinong'ona.

"Nini? Mimi mwenyewe nililia."

Mama Dawa alimgeukia Fundi, na kwa haki yake tuseme sauti ilikuwa laini. "Mwanangu, yule kijana ni bingwa. Kila anayeoa mji huu anamtafuta. Nimekuwekea kitu kizuri. Huyu dada naye namheshimu, lakini si anapiga watoto wa shule?"

"Ndiyo," Mama Tulia alisema. "Wanapiga kelele kidogo kuliko ninyi."

Fundi alimtazama Futi. Hakumkonyeza, hakumkunjia uso. Alimtazama tu, kama mtu aliyekaa kituoni akisubiri kuona gari litapunguza mwendo au litapita.

Futi akaingiza mkono mfukoni kutafuta utepe. Akautoa mkono mtupu.

"Mama," alisema, "mimi nilimchumbia huyu. Yule wa kwenye kadi simjui. Nikisimama naye ukumbini nitakuwa nasimama na mtu ambaye hatujawahi kusemezana."

"Futi."

"Na hata mimi pale si mimi. Nimetazama tena. Nimefanana na sahani."

Bibi alicheka peke yake, akajifunika mdomo kwa kanga.

Mama Dawa hakucheka. Aliweka chupa ya soda chini, akaipangusa meza mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kwa muda ilionekana kama ataamuru wote watoke.

"Mnadhani mimi simpendi huyu mtoto," alisema. "Haya. Mnajua kwa nini sebuleni kwangu hakuna picha ya harusi yangu? Kwa sababu kwenye picha zangu mimi nipo meno tu. Gauni, na juu ya gauni, meno. Mume wangu alikuwa mweupe, kaonekana mpaka nyusi. Wifi zangu walizipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akauliza, bibi harusi alichelewa? Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ungefanya nini. Walicheka mpaka mume wangu anafariki." Akavuta pumzi. "Nikasema mwanangu akioa, mke wake hatachekwa hivyo. Nitalipa chochote."

Bibi alikuwa na la kusema, akalimeza.

"Mama," Fundi alisema, "mimi nami nimepotea kwenye hiyo kadi. Wewe walikuachia meno. Mimi hata meno siyo yangu."

Mama Dawa akamtazama. Alitazama kadi iliyokuwa mezani, akamtazama tena, na safari hii alichukua muda.

"Kikovu kimekwenda wapi?" aliuliza.

"Waulize wao."

Mama Tulia, ambaye si mtu wa kukaa kwenye huzuni za watu wakati mwanga unaondoka, alisimama na kusogeza kiti kimoja karibu na dirisha. "Mimi nina utaratibu wangu," alisema. "Naanza na mweusi kuliko wote. Nani?"

Watu wazima si kama watoto. Mama yake Fundi aliangalia dari. Bibi aliangalia kucha zake.

"Ni mimi," Fundi alisema, akainuka.

"Wewe?" Mama Dawa aliuliza. Kuna kitu kilimwingia, labda ni ule ukali wake wa dukani mtu anapomwambia bei isiyo yake. "Kaa chini. Wewe wa juzi. Lete mkono hapa."

Fundi akaleta mkono. Mama Dawa akavuta mkono wa blauzi yake hadi juu ya kiwiko, mahali ambapo poda haijawahi kufika, akauweka mkono wake sambamba na wa Fundi juu ya kitambaa cha kochi. Wote waliinama kuangalia. Tofauti ilikuwa ndogo sana.

"Futi," mama yake alisema, "si ndiyo kazi yako. Sema."

Futi alisogea. Alitazama mikono miwili ya wanawake wawili ambao, jibu lolote atakalotoa, angekula nao chakula maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza hakuzunguka pande nne.

"Mama umemshinda," alisema.

"Bila shaka," Mama Dawa alisema.

Akaenda bafuni. Maji yalisikika yakitiririka muda mrefu. Aliporudi uso ulikuwa umeoshwa, umelowa bado kwenye mistari ya shingo, na alionekana mdogo kwa umri na mwenye wasiwasi zaidi. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, magoti pamoja, kama anayesubiri kuchomwa sindano, yeye ambaye amewachoma sindano watu wote wa mtaa ule.

Mama Tulia hakumwambia atabasamu. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga, akarudi nyuma, akapiga. Akatazama. Akarekebisha kitu, akapiga tena. Halafu akaja na kamera, akamwekea kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera mbele ya macho.

Mama Dawa alitoa miwani yake kwenye mkoba, akavaa. Alitazama. Pale palikuwa na paji la uso lenye mng'ao wa maji, na macho yaliyochoka kidogo, na mistari miwili kando ya mdomo, na mashavu yaliyoshuka lakini hayajakata tamaa, vyote vyeusi, na kila kimoja mahali pake.

"Huyu ni dada yangu mkubwa," alisema polepole. "Sikujua nimefanana naye hivi." Akairudisha kamera, kisha akainyakua tena kabla haijafika. "Na hii nyama ya kidevu unaweza kuipunguza?"

"Kidevu ni chako," Mama Tulia alisema.

"Nauliza tu."

"Ukikiinua kidogo kitapungua chenyewe. Twende tena."

Mama Dawa akainua kidevu. Halafu akakishusha, akasogea upande mmoja wa kiti, kiti kikalia, akapigapiga nafasi iliyobaki pembeni yake.

"Fundi, njoo tubanane hapa. Kesho nitampigia yule bwana, na maneno nitakayomwambia nitayatafuta usiku." Akamngoja akae, akamrekebishia ukosi, akaweka mkono begani kwake, kisha akatazama mbele kwa ukali. "Na wewe, Futi, toka hapo dirishani. Unatuzibia."